Jibu: Gemu za magari kwenye banda, nilipie bando au nifanyeje?

Mdogo wangu, umesema wateja wako wanang'ang'ania mpira tu, magari hawayagusi, na unafikiria kulipia intaneti wapambane na watu wa nje. Mimi nina banda la gemu hapa Ngamiani, Tanga, na magari yananiingizia hela. Bando liache kwanza.

Piga hesabu. Gari likiwa kwenye kilomita 200 kwa saa linakula kama mita 55 kila sekunde. Taarifa za intaneti zikichelewa sekunde 0.15 tu, gari la mpinzani unaloliona limeshasogea mita 8 mbele, urefu wa gari mbili hivi. Mkifika kwenye kona mnagongana na kila mtu anaapa kaonewa.

Kinachojaza banda ni skrini moja kugawanywa, mtu na mbishi wake wamekaa benchi moja. Kagua hilo kabla hujanunua, maana wengine wameliondoa: Forza Motorsport ya 2023 haina. Gran Turismo 7 inayo, na kwenye PS5 wanaingia hadi wanne.

Kinachofukuza wateja ni kompyuta, yaani wapinzani wanaoendeshwa na gemu yenyewe. Kuna dogo wa Makorora alikuwa anaendesha safi, hagusi ukuta, kamwacha wa pili mbali. Mzunguko wa mwisho jamaa akatokea mgongoni kama kapaa. Dogo akaweka pedi chini: "Hii inaiba." Na kweli inaiba, gemu nyingi zinamwongezea kasi aliyeachwa ili mbio zinoge. Kwenye Need for Speed: Most Wanted ya 2005, ukipanga mbio zako mwenyewe, hilo unalizima. Lizime.

Halafu zikwepe gemu zenye viwango vya rahisi, wastani na ngumu peke yake. Za F1 (mbio za Formula 1) zina kipimo cha ukali wa kompyuta cha 0 hadi 110. Mgeni namwanzishia 40, napandisha tano tano mpaka kwenye mbio za kupanga nafasi za kuanzia awe anaangukia katikati ya kundi, kisha naandika namba yake kwenye daftari. Kwenye gemu ya Assetto Corsa wametenganisha kasi ya kompyuta na ukorofi wake, na hapo ndipo ningetaka wote wafike: mpinzani mwenye kasi lakini mstaarabu, au wa polepole anayebana njia. Tena kwenye skrini ya watu wawili kila mmoja awe na mpinzani wa kiwango chake, siyo fundi na mgeni wapewe kompyuta ileile.

Usukani usinunue sasa. Pedi ikifa fundi wake yupo, usukani utakaa kabatini.