Aliasingi: maswali ya watengeneza muziki

Nikitia distoshoni (athari ya kukwaruza sauti) kwenye sinthesaiza nasikia mlio wa ajabu. Nitajuaje kama ni aliasingi, yaani milio ya uongo inayozaliwa na mfumo wa dijitali, au ni distoshoni yenyewe?

Piga noti moja ya juu, kisha ipandishe taratibu bila kukatiza. Distoshoni hupanda pamoja na noti. Aliasingi mara nyingi huenda kinyume: noti inapanda, huku filimbi nyembamba ikishuka.

Mradi wa hezi 44,100, yaani unaochukua sampuli 44,100 za sauti kila sekunde, haubebi masafa yanayozidi nusu yake, yaani 22,050. Yanayozidi hukunjwa na kurudi chini. Distoshoni ikikata wimbi sawasawa juu na chini, noti ya hezi 5,000 huzaa hamoniki, yaani masafa yaliyo mara kadhaa ya noti: 15,000, 25,000, 35,000 na 45,000. Ya 15,000 iko salama. Ya 25,000 hukunjwa hadi 19,100, ambako watu wazima wengi hawasikii kitu. Ya 35,000 hutua 9,100. Ya 45,000 huangukia 900, chini ya noti yenyewe! Ni dhaifu, lakini haina undugu wowote na 5,000, ndiyo maana sikio linakereka. Usipimie besi: hamoniki zake hufifia kabla ya kufika kwenye mpaka.

Basi niwashe ovasampulingi (kuchakata sauti kwa sampuli nyingi zaidi kwa sekunde) kila mahali?

Hapana. Inazifaa plagini (programu za kuchakata sauti) zinazozaa masafa mapya, kama distoshoni na limita, inayozuia vilele vya sauti. Ikwalaiza ya kawaida haizai. Linganisha ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, ukiwa umefumba macho, na ukubwa wa sauti uwe uleule, maana iliyo kubwa kidogo hudanganya kuwa ndiyo bora. Halafu sikiliza ndani ya wimbo mzima. Kinachokera kikiwa peke yake mara nyingi humezwa na matoazi ya hai-hati. Usipoona tofauti hapo, zima, uipunguzie kompyuta mzigo.

Nikiharakisha kipande cha taarab kwa ajili ya singeli, kinakwaruza.

Ukiharakisha mara mbili, kilichokuwa hezi 15,000 kinakuwa 30,000, na sampla (kifaa au programu ya kucheza vipande vya sauti) isiyochuja vizuri hukirudisha 14,100. Punguza masafa ya juu kabla ya kuharakisha. Ila sikiliza kwanza kama mkwaruzo huo unaupendezesha wimbo. Sampla ya E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 ilichukua sampuli kama 26,000 tu kwa sekunde, na maprodyuza wa hip-hop Marekani waliupenda ukali wake. Nami naupenda.

Nikigeuza faili lililokamilika kuwa hezi 96,000, aliasingi itaondoka?

Haiondoki, imeshakuwa sehemu ya sauti. Fungua mradi, washa ovasampulingi kwenye plagini husika, utoe faili upya.