Blokicheni si mlinzi, ni daftari

Watu huniuliza kuhusu mfumo wa magari yanayojifunza pamoja kugundua udukuzi, unaotumia blokicheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi: je, blokicheni ndiyo inayomkamata mdukuzi? Hapana, yenyewe haimkamati. Anayemnusa ni modeli iliyomo ndani ya gari, yaani programu iliyojifunza mwenendo wa kawaida, inayosoma ujumbe unaopita kwenye waya za CAN (mtandao unaounganisha kompyuta ndogo za gari) na kushtuka mwenendo ukibadilika. Na data ya safari zako haitoki: gari linajifunza lenyewe, kisha linatuma vipimo vya modeli tu, yaani namba ilizojifunza, vichanganywe na vya magari mengine. Blokicheni inaandika nani katuma nini, ili mtu asivifute au kuvibadilisha kimyakimya baadaye.

Mimi ni fundi umeme wa magari, Ngamiani hapa Tanga. Nikichomeka kompyuta kwenye tundu la chini ya usukani, ujumbe unamiminika kama mvua ya masika: namba ya utambulisho, data isiyozidi baiti 8, basi. Hakuna saini ya aliyetuma. Bosch waliitoa CAN mwaka 1986, nani angewaza gari litakuja kuwa na intaneti? Ndiyo maana 2015 watafiti wa usalama Miller na Valasek waliweza kuichezea Jeep Cherokee wakiwa mbali, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa.

Ila angalia: gari lililokwisha kutekwa likituma vipimo vya uongo, daftari litautunza uongo huo vizuri kabisa. Lazima vichujwe kabla ya kuchanganywa. Na breki haisubiri bloku, yaani ukurasa mpya wa daftari hilo, ithibitishwe, kwa hiyo ugunduzi ufanyike humo humo garini.