Kiuno ya inje na njia ya mutoto

Kaka, unasema banaume banapenda muke wa kiuno kubwa juu huyo njo atazala bila kupasuliwa tumbo, na mwenye bamepasula haiko mwanamuke kamili, alizala sawa bavivu. Kupenda, penda tu, ni macho yako. Lakini kiuno ya inje ni sana-sana nyama na mafuta, mutoto anapita kati ya mifupa ya ndani, na ile hauwezi kuipima na macho pale soko ya Kadutu. Dada yangu mukubwa akipita na kitenge, bamotari banapunguza mwendo, lakini mutoto alikingama mu tumbo, bakamupasula. Mama mukwe wangu mwembamba sawa sambaza, ile samaki kadogo, anabeba makala tangu asubui, alizala saba njia ya kawaida, sasa utasema nini? Hata OMS, shirika ya afya ya dunia, ilisema mu 1985 asema kiwango ya muzuri ya kupasuliwa ni bamama 10 mpaka 15 juu ya 100 benye kuzala, na bila kisu bengine bangekufa. Halafu dada yangu, wiki mingi hawezi kuinua hata bidoni ya maji, akicheka anashika tumbo na mikono mbili, eti njo ile munaita kuzala kwa bavivu?