Maswali na Majibu: Mzee, Usitie Saini Kwanza

Mwanangu wa kwanza anadai siwezi kuuza nyumba bila ridhaa yake kwa kuwa yeye ni mrithi. Ni kweli?

Hati ina jina la nani? Kama ni lako peke yako, si kweli. Hakuna mrithi wa mtu aliye hai. Anayeweza kukuzuia ni mwenzi wako wa ndoa, na hilo muulize wakili.

Nilimwandikia binti yangu shamba kwenye wosia, sasa hata simu hapigi. Nitalirudishaje?

Mama, hujampa kitu bado. Andika wosia mwingine, utaje kwamba wa kwanza umefutwa, usaini mbele ya mashahidi wasiorithi chochote.

Nilimhamishia mwanangu hati kwa ahadi kwamba atanitunza. Wiki iliyopita kaniambia nitafute pa kuishi.

Barua hii nimeisoma kwa miandiko mingi. Zawadi ikishakamilika na jina likabadilishwa kwa msajili wa ardhi, mahakama nyingi haziirudishi kwa sababu tu mtoto hana shukrani. Lazima uoneshe ulidanganywa, ulitishwa au ulishinikizwa. Kwa hiyo nitakuuliza: wakili aliletwa na nani, akalipwa na nani? Ulisomewa hati kwa lugha unayoielewa, au ulishikwa kidole tu kikapigwa muhuri huku kijana kaketi pembeni?

India ilitunga sheria mwaka 2007: mzee aliyetoa mali kwa sharti la kutunzwa, asipotunzwa anaweza kuomba uhamisho ubatilishwe. Angalia neno sharti. Ahadi ya mdomoni jikoni ni ngumu kuithibitisha popote. Wewe wahi kwa msajili uombe zuio kabla nyumba haijauzwa. Mnunuzi asiyejua lolote akishalipa, kesi yako inakuwa nzito maradufu.

Na ninyi ambao hamjasaini: mkilazimika kugawa mkiwa hai, hati itamke kwamba mtaishi humo hadi kufa.

Niwaongeze watoto kwenye hati ili kukwepa usumbufu wa mirathi?

Msiwaongeze: mkishawaandika, kila mtoto anakuwa na sehemu yake. Mtoto akishindwa kulipa deni, mdai anafuata sehemu yake kwenye nyumba yako. Akiachana na mkewe, hali ni hiyo hiyo.

Nilimpa mwanangu hati ya uwakilishi apokee kodi za wapangaji. Anaweza kuuza nayo?

Isome. Ikiandikwa "kushughulikia mali zangu zote", anaweza kujaribu, na mnunuzi atamwamini. Itaje nyumba ipi, kazi ipi, mpaka lini. Ukiifuta, futa kwa maandishi na nakala zifike benki na kwa msajili. Kumfokea sebuleni hakufuti kitu.