Kamera ya lori inataka umeme wake, siyo wa kudandia kwenye betri moja

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Scania mbili, nakaa Uyole, mizigo yangu ni ya Dar kwenda Tunduma na wakati mwingine tunavuka mpaka Lubumbashi. Nilifunga dashikamu kwenye gari moja baada ya bodaboda kuja kujigonga kwa dereva wangu pale Mafiati na kila aliyekuwepo akasema kosa ni letu kwa sababu gari letu ndo kubwa. Kamera ikafanya kazi wiki mbili ikafa. Nikanunua nyingine, fundi akaiunga kwenye betri moja, hii haijafa ila sasa betri ndo zinakufa, nimeshabadilisha moja na bado asubuhi gari inagoma kuwaka. Tatizo kamera au nini?
Mwenye magari, Uyole

JIBU: Marahaba kaka, pole sana. Kamera zako zote mbili hazina kosa, kosa liko kwenye umeme, na hili swali nalipata kila mwezi kwahiyo leo nalijibu kwa urefu.

Lori lako ni la volti 24, yaani betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo, na gari ikiwa imewaka alteneta inatoa mpaka 28 hivi. Kamera yenyewe inakula volti 5 tu. Hiyo ya kwanza nina hakika ilichomekwa kwenye tundu la laita na kichaji cha gari ndogo, vile vilivyoandikwa 12V pekee, sasa kichaji cha namna hiyo ukikipa 28 kinavumilia siku chache au wiki mbili hivi, mwisho kinaungua na kikiungua vibaya kinapitisha umeme mkubwa mpaka ndani ya kamera. Ukinunua angalia kimeandikwa 12-24V au zaidi ya hapo, kama hakina hayo maandishi kirudishe dukani.

Ya pili ndo inayoniuma zaidi maana fundi alijua 24 ni nyingi, akaona aibe 12 katikati ya betri mbili. Juzi nimeletewa Fuso yenye ugonjwa huohuo. Nikaiwasha, nikaweka testa kwenye betri zote kwa pamoja, 28.1, safi kabisa, ukiishia hapo unasema chaji iko vizuri. Nikapima moja moja. Yenye waya wa kamera ina 13.2, mwenzake 14.9. Unaona hapo? Alteneta yenyewe haijui kwamba kuna betri moja inanyonywa pembeni, inachojua ni jumla, kwahiyo hii inayonyonywa haijai hata siku moja na mwenzake anapewa chaji ya kupitiliza. Nikafungua vifuniko vya ile ya 14.9, maji yameshuka mpaka sahani zinaonekana, na harufu yake unaisikia ukiwa umesimama hatua tatu. Zote mbili zinakufa, moja kwa njaa na nyingine kwa kuvimbiwa. Hata ukinunua betri mpya leo, kama huo waya bado upo zitaenda njia hiyohiyo.

Dawa yake ni kile kiboksi kidogo cha kushusha umeme, kinapokea 12 mpaka 24 na kutoa 5, kina waya tatu. Wa GND, mara nyingi mweusi, unafungwa kwenye bolti ya bodi iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma kionekane. Wa ACC, mara nyingi mwekundu, unaenda kwenye fyuzi inayopata umeme swichi ikiwa imewashwa na kufa ukizima. Wa BATT, mara nyingi wa njano, unaenda kwenye fyuzi yenye umeme muda wote. Rangi zisikudanganye, soma kilichoandikwa kwenye waya halafu pima na testa. Chagua fyuzi ya redio au ya laita, na usikubali fundi aguse fyuzi za ABS (breki), za taa kubwa wala za kompyuta ya injini, hata kama ndo ziko karibu na mkono wake. Waya wa kamera uwe na fyuzi yake ndogo, ampea 2 au 3 inatosha, kwa sababu siku waya ukichunika ukapiga shoti unataka ikatike fyuzi ya kamera na siyo kuungua kebini.

Kile kiboksi kina sehemu ya kuchagua kikate umeme betri ikishuka mpaka wapi. Kwenye volti 24 weka 24.0 au juu kidogo ya hapo. Kamera ikirekodi gari imezimwa inakula kama robo ampea, usiku mmoja siyo kitu, lakini ukikaa foleni ya Tunduma siku tano hiyo ni kama ampea 30 za saa zimeondoka, na betri iliyozeeka haiwezi kukuwashia injini baada ya hapo. Kama betri zako zimechoka waya wa BATT usiuunge kwenye umeme wa muda wote, uunge pamoja na wa ACC kwenye fyuzi ileile ya swichi, kamera ifanye kazi gari ikiwa imewashwa tu.

SWALI: Kamwene fundi. Nina Fuso ya kubeba mbao kutoka Mafinga, anaendesha mwanangu. Nataka kumnunulia kamera ila madukani ziko nyingi mno, mwingine ananiambia 4K mwingine ananiambia yoyote tu. Nichukue ipi na ikae wapi?
Mama wa mbao, Mafinga

JIBU: Kamwene mama. 4K, yaani picha kali zaidi, siyo lazima, ya kawaida ya 1080 yenye lenzi nzuri inatosha, hela inayobaki weka kwenye memori kadi. Kitu cha kumuuliza muuzaji ni hiki: ndani ina betri ya lithiamu au ina kapasita, kile kidude kinachotunza umeme kidogo badala ya betri? Chukua ya kapasita. Fuso ikitoka Mafinga na baridi yake ikashuka Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni, ikapaki juani saa saba mchana, kile kioo cha mbele ni jiko, na nimeshatoa kamera nyingi ambazo betri imevimba mpaka imepasua mgongo. Kapasita inavumilia joto.

Kadi chukua ile iliyoandikwa High Endurance. Kadi ya simu haikutengenezwa kwa kuandikwa na kufutwa mchana kutwa, inakufa kimyakimya, taa ya kamera inawaka kama kawaida na wewe unajua unarekodi kumbe hakuna kitu. Mwambie mwanao kila mwisho wa mwezi ahamishe anachotaka kukitunza halafu afomati kadi palepale kwenye kamera. Picha ya 1080 inakula kama GB 6 au 7 kwa saa, kwahiyo GB 128 inakupa kama saa 18 kabla haijaanza kufuta za zamani.

Kingine ni sensa ya mtikisiko. Kamera ikishtuka inadhani ni ajali, inaifunga hiyo video isifutike. Sasa fikiria Fuso ya mbao kwenye barabara ya vumbi kutoka msituni, halafu matuta ya kila kijiji, kila dakika ni ajali, baada ya siku mbili kadi imejaa video za matuta na haina nafasi ya kurekodi. Weka sensa kwenye kiwango cha chini kabisa.

Pa kuiweka, usifuate gari ndogo ambako inakaa juu nyuma ya kioo cha ndani. Kioo cha Fuso ni kirefu na kimesimama, waipa zinaanzia chini, kule juu vumbi halifutwi na mara nyingi kuna pazia na mapambo. Iweke katikati ya kioo, usawa wa chini kidogo, ndani ya njia ya waipa, na uielekeze mpaka mstari wa upeo ukae katikati ya picha au juu yake kidogo, hapo hata bodaboda aliyejipenyeza mbele ya bampa utamwona kichwa. Kama dashibodi inang'aa na kurudisha mwanga kwenye kioo tandika kitambaa cheusi. Gundi yake haipendi baridi. Mwezi wa sita na wa saba huko kwenu usibandike asubuhi, subiri mchana, safisha kioo kwa spiriti, bandika, kandamiza, acha mpaka kesho yake ndo upachike kamera. Wengi wanaolalamika kamera inadondoka waliibandika saa moja asubuhi kioo kikiwa na umande.

Na kebini ya Fuso inabinuka, mama. Fundi akipitisha waya wa kwenda nyuma aufuatishe kwenye njia ya waya za gari pale kwenye bawaba na auachie ulegevu, la sivyo siku wanabinua kuangalia injini unakatika.

SWALI: Bro, naweza kufunga kamera nyuma ya tela nione wanaoiba mzigo na mafuta?
Dereva, Mbalizi

JIBU: Unaweza ila sikushauri uanze na hiyo. Waya wa kwenda kwenye tela lazima uwe wa kuchomoa pamoja na zile waya za springi za taa, unakatika, unaingia maji, na siku tajiri akibadilisha tela kamera imebaki yadi. Weka kamera mbili za pembeni kwenye horse (kichwa cha lori), chini ya saiti mira, zikiangalia nyuma, zinakuonyesha tanki, matairi na ubavu wa tela mpaka mwisho. Upande wa kushoto ndo wa muhimu zaidi kwetu tunaokaa kulia, bodaboda na bajaji wote wanajipenyeza huko pale Mwanjelwa na Kabwe na kwenye kioo humwoni mpaka ameshaingia. Kwa wizi wa mafuta kamera ya mbele haikusaidii hata kidogo, haioni tanki, anza na kifuniko chenye kufuli.

SWALI: Shikamoo. Mi ni dereva, miaka 14 barabarani. Bosi anataka kufunga kamera inayoniangalia mimi ndani, na inayorekodi sauti. Nikikataa ataona nina la kuficha. Nifanyeje?
Dereva, Makambako

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza kamera ya mbele ikubali kwa mikono miwili, hiyo ni shahidi wako kuliko ya bosi, anayekuovateki kwenye kona ya Mlima Nyoka na kukulazimisha uende pembeni anaonekana mwanzo mwisho. Ila ujue inaonyesha na spidi kama ina GPS. Kisheria gari ya zaidi ya kilo 3,500 mwisho wake ni 80, na kwenye makazi 50, ukipita hapo shahidi anageuka. Mi nasema iache ionyeshe, endesha humohumo.

Ya ndani ni habari nyingine. Kebini ya lori ndo chumba chako cha kulala, unabadilishia nguo humo, unaongea na mkeo humo usiku ukiwa foleni. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na picha yako na sauti yako ni taarifa zako, siyo kitu cha kurekodiwa bila wewe kujulishwa ni ya nini, nani anaiona na inatunzwa muda gani. Usikatae, kaa na bosi muandikiane. Mi ningeomba vitu vitatu: kamera ya ndani iungwe ACC peke yake ili ukizima swichi ife, sauti izimwe, na video isitoke kwenda kwenye magrupu ya WhatsApp. Bosi mwenye nia ya kujua kama unasinzia au unashika simu hapungukiwi kitu na hayo yote. Na nyie matajiri mnaosoma hapa, dereva anayejua kamera imefungwa kwa heshima yake hachomoi waya.

SWALI: Gari ndogo ilinikwangua bampa na saiti mira ikiniovateki karibu na Chimala ikakimbia. Nikatoa taarifa nikaendelea na safari, nimefika Iringa jioni kufungua kamera video haipo! Zingine zote zipo. Na je ningeipata ingekubalika?
Dereva wa semi, Iringa

JIBU: Pole. Bila shaka una kadi ya GB 32. Hiyo inabeba saa nne au tano tu, na kutoka Chimala mpaka Iringa na semi yenye mzigo, na kusimama mizani ya Makambako, hizo saa zimepita, kamera imejiandikia juu yake. Mkwanguo ni mdogo, sensa haikuusikia. Ndo maana kuna kitufe cha kufunga video, mara nyingi kina alama ya kufuli, jizoeze kukipapasa bila kukiangalia. Likitokea jambo kibonyeze hapohapo, simamisha gari, na kama ni zito toa kadi kabisa weka nyingine. Kila dereva awe na kadi ya akiba kwenye droo.

Kukubalika inakubalika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii, kinachoangaliwa ni kama unaaminika ulivyorekodiwa na ulivyotunzwa. Kwahiyo usikate kipande, usiweke maandishi, na usitegemee uliyoituma WhatsApp maana inabanwa na namba za gari zinakuwa ukungu. Kopi moja weka kwenye kompyuta, kadi yenyewe iingie kwenye bahasha, andika tarehe, saa, mahali, namba ya gari na jina la uliyemkabidhi, asaini.

Na angalia saa ya kamera. Betri ikichomolewa kamera nyingi zinarudi mwaka wa kiwandani, nimeona video ya ajali ya jana imeandikwa 2016, wakili wa upande wa pili akiiona hiyo anaanzia hapo. Nyie mnaovuka Nakonde au Kasumulu, kule saa iko nyuma kwa saa moja, msiibadilishe, acheni ya Tanzania safari nzima na muandike hivyo kwenye bahasha.