Pima nafasi yako ya MBA kabla ya kulipa ada ya maombi

Ada ya maombi ya MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, katika shule kubwa za Marekani huzidi dola 200 kwa shule moja. Kwa shilingi za Kenya ni zaidi ya elfu 25, na ukikataliwa hazirudi. Anayetuma maombi sita kwa kubahatisha amechoma kodi ya nyumba ya miezi kadhaa kabla hata mtu hajasoma insha yake.

Kosa la kawaida ni kufungua tovuti ya shule, kutazama wastani wa alama za darasa, kuona zako zimekaribia, kisha kujipa moyo. Wastani ni wa waliokwisha kuingia. Haukuonyeshi waliokuwa na alama hizo hizo wakaachwa nje, na hao ndio wengi: darasa la Harvard lililoanza 2024 lilikuwa na wanafunzi 930 kutoka kwa maombi 9,856, Stanford walianza 424 kutoka kwa maombi 7,295.

Anza na kundi lako. Mkaguzi wa hesabu wa Westlands mwenye CPA (cheti cha uhasibu), daraja la kwanza na miaka minne kazini ni mtu hodari, lakini katika rundo la maombi kutoka Nairobi wenzake ni wengi. Vivyo hivyo washauri wa biashara na maafisa wa mashirika ya misaada. Shule haitaki darasa la watu waliofanana, kwa hivyo atakayekubana zaidi ni yule wa meza ya jirani mwenye wasifu kama wako. Chukua karatasi, andika mambo matatu uliyofanya kazini ambayo mwenzako huyo hawezi kuyaandika. Ukikwama kwenye la kwanza, tatizo lako si GMAT, mtihani wa kuombea shule hizi.

Lakini GMAT nayo imewachanganya wengi. Toleo la sasa lilianza Novemba 2023: sehemu tatu za dakika 45 kila moja (hesabu, lugha, na usomaji wa data), maswali 64 kwa jumla, na alama kati ya 205 na 805, zote zikiishia na 5. Kipimo hiki si kile cha zamani cha 200 hadi 800. Alama 645 za leo zinakaribiana na 700 za zamani, kwa hivyo mtu mwenye 645 anayejilinganisha na wastani wa 730 wa toleo lililopita anajihukumu kwa rula isiyo yake. Hakikisha kwanza takwimu unayoisoma ni ya toleo gani. Halafu usiishie kwenye jumla. Kila sehemu hupewa alama 60 hadi 90 na asilimia inayoonyesha umewapita wangapi kati ya waliofanya mtihani, na kwa aliyesomea chuo ambacho msomaji wa maombi kule hakijui vizuri, sehemu ya hesabu ndiyo itakayoangaliwa kwa jicho kali. Kikokotoo kinaruhusiwa kwenye sehemu ya data tu. Kwenye hesabu unategemea kichwa na kalamu. Ukijikwaa, unaweza kurudia baada ya siku 16, hadi mara tano katika miezi 12, na unaziona alama kabla ya kuamua kuzituma. Kabla ya kulipia mtihani, fanya majaribio mawili ya bure yaliyo kwenye tovuti rasmi, kwa muda kamili wa mtihani, bila kusimama kujibu simu. Jaribio la kusimama-simama hutoa alama tamu za uongo. Na jina la usajili lifanane na la pasipoti. Sisi wa majina matatu hurudishwa mlangoni kwa sababu ya moja lililoachwa.

Kuhusu matokeo ya chuo: usiyageuze kuwa GPA (wastani wa alama wa Kimarekani) kwa vikokotoo vya mtandaoni. Kwetu 70 ni daraja la kwanza na 60 hadi 69 ni la pili, ngazi ya juu. Kikokotoo cha Kimarekani kitaichukua 68 yako nzuri na kuifanya D. Shule nyingi huomba alama zilivyo, pamoja na maelezo ya mfumo yaliyo nyuma ya karatasi ya matokeo, kwa hivyo piga picha kurasa zote mbili. Mwenye daraja la pili la chini bado ana njia, ila sehemu ya hesabu ya GMAT lazima ipande juu ya wastani wa shule husika, na masomo kama takwimu au CPA yatajwe wazi. Insha ya kulalamikia mgomo wa wahadhiri haisaidii. Sentensi mbili za maelezo zinatosha.

Wasifukazi ndio unaowasaliti wengi. Ule wetu wa kurasa nne, wenye nambari ya kitambulisho, dini, hali ya ndoa na matokeo ya KCPE, hautakiwi. Ni ukurasa mmoja, na kila mstari uonyeshe kilichobadilika kwa sababu yako: ulipunguza muda wa kufunga hesabu kutoka siku ngapi hadi ngapi, ulisimamia watu wangapi, bajeti kiasi gani. "Nilihusika na" ni maneno ya kufuta.

Barua za mapendekezo zina mtego wake. Wengi hukimbilia mbunge, mchungaji au mkurugenzi mkuu waliyekutana naye mara mbili. Fomu inayotumiwa na shule nyingi humuuliza mwandishi akulinganishe na wenzako wa kazi ya aina hiyo, kisha aeleze ushauri muhimu zaidi wa kukurekebisha aliokupa na jinsi ulivyoupokea. Mheshimiwa atajibu nini hapo? Mkubwa wako wa moja kwa moja anajua. Akikwambia "andika mwenyewe nitatia sahihi," tafuta mwingine: barua mbili zikiwa na mtindo wa insha zako, msomaji atanusa.

Ukishajikagua hivyo, rudi kwenye hesabu. Wapo wanaosema: shule tano, kila moja asilimia 10, basi nina 50. Sivyo. Uwezekano wa kukataliwa na zote tano ni 0.9 tano zikizidishwa pamoja, yaani asilimia 59. Inabaki 41, na hiyo pia ni ya ukarimu, maana inachukulia kila shule inaamua bila kufanana na nyingine. Kasoro iliyokuangusha Harvard kule Boston itakuangusha Wharton kule Philadelphia pia, kwa kuwa faili ni lile lile. Ndiyo maana ni afadhali shule mbili za ndoto, mbili ambazo alama zako ziko katikati ya darasa lao, na moja uliyo juu kidogo, kuliko tano za juu kabisa.

Kuingia bila pesa nako ni kukataliwa kwa njia nyingine. Karo ya Harvard peke yake huzidi dola 75,000 kwa mwaka. Stanford wana ufadhili wa raia wa nchi za Afrika wenye uhitaji, kwa sharti la kurudi kufanya kazi barani. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hugharamia shahada za mwaka mmoja huko, hivyo MBA ya Oxford au Cambridge inaingia (ila karo ya MBA hulipwa hadi kikomo, si yote), na ile ya London Business School ya miezi 15 hadi 21 haiingii. Kampuni ya mikopo ya Prodigy Finance hukopesha bila mdhamini kwa shule zilizo kwenye orodha yao. Piga hesabu ya marejesho kwa mshahara wa Nairobi, si wa New York. Anayelenga cheo hapa hapa, na mwajiri wake yuko tayari kumlipia, aiweke MBA ya Chuo Kikuu cha Strathmore cha hapa Nairobi mezani bila kuona haya.

Awamu ya kwanza ya maombi hufungwa Septemba na ya pili mapema Januari. Kama leo ni Julai na hujafanya GMAT hata mara moja, lenga Januari, na uombe karatasi ya matokeo chuoni wiki hii, maana foleni ya ofisi ya msajili haijui tarehe ya mwisho ya mtu.