Jibu: Vifuko vya mchanga chini ya mawe ya Mto Karanga

Mkuu, hao wadudu uliouliza kama ni mabuu ya mbu au wanafyonza damu, wanaoishi ndani ya vifuko vya mchanga mtoni hapo Moshi, ni mabuu ya Trikoptera. Hawafyonzi damu. Trikoptera ni oda (kundi kubwa la wadudu) inayojitegemea, ndugu wa karibu wa vipepeo na nondo, ila mabawa ya mdudu mpevu (aliyekomaa) yana vinyweleo badala ya magamba, na akitua huyakunja kama paa la nyumba.

Kuhakikisha, mweke buu mmoja kwenye sahani nyeupe yenye maji ya mtoni, kina cha sentimita 2. Usimvute kichwa! Nyuma ana kulabu mbili zinazong'ang'ania hariri ya ndani ya kifuko, atakatika. Msukume taratibu kutoka nyuma kwa bua la nyasi. Utaona miguu sita. Buu la mbu halina hata mmoja. Ukikuta asiye na kifuko, mwenye matamvua (viungo vya kupumulia majini) tumboni na vibamba vitatu vigumu mgongoni nyuma ya kichwa, huyo ni wa familia ya Haidropsikide, hutega wavu wa hariri kwenye mkondo.

Usiwaache ndooni hadi jioni: maji yaliyotuama yakipata joto oksijeni hupungua, wanakufa. Wa kuhifadhi watie kwenye alkoholi ya asilimia 70 hadi 80, na uibadilishe kesho yake, kwani maji ya miili yao huizimua.